Blanketi Lisilofuliwa

Mtaa mzima ulimwita Bi Mng'aro, na jina hilo hakupewa bure. Shati la shule likipita mikononi mwake lilirudi jeupe hata mwenyewe akaona haya kulivaa mbele ya wenzake. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na miwili, mjane mwenye binti mmoja, na kiwanda chake kilikuwa ua wa nyuma wa nyumba ya vyumba viwili: bomba moja, mapipa matatu ya akiba, kamba nne za kuanikia, na karai kubwa la bati ambalo mtoto wa miaka kumi angeweza kujilaza ndani yake.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimemtupa mkono, nacho ni pua. Miaka ya mvuke na dawa za kung'arishia ndani ya chumba cha kuchemshia nguo kisicho na dirisha ilikuwa imeiua kabisa. Maua, samli, moshi, kwake vyote vilikuwa hewa tu. Mwenyewe alifanya mzaha: "Pua yangu mimi ni ya kubebea miwani." Akitaka kujua kama nguo imetakata alimwita binti yake, "Hebu ninusie hii." Lakini binti alifanya kazi ya kufungasha mboga kwenye shamba kubwa ng'ambo ya barabara, na siku nyingi alikuwa ameshatoka kabla ya karai la kwanza kujaa.

Ni shamba hilohilo lililomletea wateja wa Jumamosi. Wapiga dawa wanane, vijana waliokaa mbali na kwao na wasio na wa kuwafulia, walimletea ovaroli zao za bluu kwenye magunia. Zilikuwa nguo nzito, ngumu kifuani na mapajani pale dawa iliporukia na kukaukia. Bi Mng'aro alizifua mwisho wa siku, baada ya nguo za majumbani. Si kwamba aliogopa kitu. Aliona ni adabu tu: tope la shamba lisitangulie shuka za watu.

Nyumba ya jirani, uzio kwa uzio na kwake, alikaa fundi baiskeli na mkewe. Fundi huyo alikuwa mtu wa utani. Tangu alipohamia pale alimwita Bi Mng'aro "mama mkwe," akidai kwamba asingewahiwa na huyu aliyenaye, angemchumbia binti wa dobi. "Mama mkwe, umeamkaje?" alipaza sauti kila asubuhi akiwa amebeba pampu yake begani. Naye Bi Mng'aro alimjibu, "Nimeamka salama, mkwe nisiyemtaka," na mke wa fundi akacheka huko ndani. Walipopata mtoto wao wa kwanza, wa kiume, Bi Mng'aro ndiye aliyefua nepi zake tangu siku ya tatu. Na kila wiki, pamoja na nepi, lilikuja blanketi la manjano ambalo mama mtu alilinunua mimba ikiwa bado changa.

Mtoto alipofika miezi mitano, bomba la mtaa lilikauka siku tisa.

Katika siku ya saba alikuja mmoja wa wapiga dawa, kijana waliyemwita Mrefu, ameshika ovaroli yake kwa ncha za vidole. Ilikuwa imelowa kutoka kifuani hadi gotini.

"Chupa imenipasukia, mama," alisema. "Na ni dawa yenyewe, hatujaitia maji bado. Nimeoga mara mbili na bado naisikia."

"Iache. Nitailoweka ilale humo."

Aliiloweka kwenye karai kubwa. Kulipokucha aliikamua, akayamwaga yale maji yaliyogeuka rangi ya maziwa kwenye mfereji, akalisuuza karai kwa jagi moja la maji. Jagi moja, kwa sababu pipa la mwisho lilikuwa limebaki nusu. Nguo za majumbani zilikuwa zinangoja tangu juzi. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, ovaroli ilitangulia na nguo za mtoto zikafuata. Alifua, akaanika, akapiga pasi, akakunja blanketi pembe kwa pembe, na jioni akalipitisha juu ya uzio pamoja na nepi kumi na mbili.

Siku ya pili yake mtoto alianza kutoka jasho. Mate yalimchuruzika bila kukoma, akawa anapumua kama mtu anayenywa maji. Mama yake aliomba msaada kwenye uzio na Bi Mng'aro akaenda mbio, akampokea mtoto, akamtazama usoni. Aliona mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Alishangaa, ila hakujua mboni kama hizo zina maana gani. Walimpeleka hospitali kwa pikipiki. Huko waliambiwa kifua kimejaa maji. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mtoto alifariki.

Bi Mng'aro alikuwa mtu wa kwanza kuingia katika nyumba ile ya msiba. Alimshika mke wa fundi mabegani mpaka mikono ikafa ganzi, na wiki nzima alifua nguo za nyumba yote bila kuombwa. Vitu vya mtoto alivifua pia, vikagawiwa jamaa. Ila blanketi la manjano mama mtu alimnyang'anya mkononi.

"Hili halifuliwi," alisema. "Lina harufu yake."

Akalitia sandukuni.

Miaka mitatu ilipita. Watu hupona kwa nje kwanza, na fundi baiskeli akarudia utani wake, ingawa sauti ilikuwa imeshuka. Bi Mng'aro aliendelea kufua. Hakuwa na neno moyoni, kwa sababu hakujua lolote.

Kisha shamba lilipata amri kutoka kwa wanunuzi wake: ovaroli za wapiga dawa zisitoke tena getini. Wakajenga chumba cha kufulia, sakafu ya saruji, sinki sita na jiko la kuchemshia maji. Wakatafuta mtu wa kukisimamia, na binti alipolitaja jina la mama yake hakuna aliyebisha. Aliajiriwa pamoja na wanawake watano, na kabla ya kuanza waliitwa kwenye mafunzo ya siku moja chini ya banda la bati.

Mkufunzi alikuwa bibi shamba, msichana mwenye miwani na sauti ya kiasi, asiye na haraka.

"Mama zangu," alisema, "nguo ya dawa haichanganywi na nguo ya nyumbani. Si ndani ya gunia, si ndani ya maji, si kwenye kamba. Inafuliwa siku ileile, kwa maana kadiri inavyokaa ndivyo dawa inavyozama kwenye uzi. Kwanza unaimwagia maji peke yake, yale maji yanakwenda kwenye shimo lake. Halafu maji ya moto, ya moto kweli, na sabuni ya kutosha. Unamwaga, unarudia. Mara mbili, mara tatu. Unaanika juani, siyo kivulini, jua nalo linasaidia. Na mikono ndani ya glavu muda wote."

"Tukitia dawa ya kung'arishia?" aliuliza mmoja.

"Hiyo inaondoa rangi, mama. Sumu haiondoi."

"Sasa tutajuaje kama imetoka? Kwa kunusa?"

"Usiiamini pua. Harufu inaweza kwisha na dawa ikabaki, na inaweza kubaki dawa ikiwa imepungua. Kwa hiyo tunafuata hatua zote, basi. Na kuna nguo moja hatuifui kabisa: iliyomwagikiwa dawa isiyotiwa maji. Hiyo mfuko, funga, stoo. Mkiifua itawadanganya tu."

Bi Mng'aro alikuwa ameshika kalamu. Aliinua mkono.

"Na chombo?"

"Chombo kipi, mama?"

"Kilicholowekewa nguo hiyo. Kikisuuzwa je?"

"Kwa maji mengi ya moto na sabuni, kikiwa kitupu. Na hata hivyo kisitumike tena kwa nguo nyingine. Hasa za watoto. Mtoto ngozi yake ni laini, na mwili mdogo hauhimili dawa. Huanza na jasho, mate yanamtoka, anapumua kwa shida, mboni za macho zinakuwa ndogo hivi..." Akakutanisha ncha za vidole viwili.

Kalamu ilimponyoka. Mwenzake aliyekaa kando aliiokota, akamrudishia, na Bi Mng'aro akasema asante kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Mafunzo yaliendelea. Aliitika pale wengine walipoitika. Kichwani alikuwa anasuuza karai kwa jagi moja, anamwaga, anaanza upya.

Alipofika nyumbani alichukua msumari na nyundo, akalitoboa karai lile matundu saba ili asije mtu akaliokota na kulitumia. Binti yake alisimama mlangoni.

"Mama, karai zima hilo!"

"Lilikuwa linavuja."

Kesho yake ndipo harufu ilipoanza.

Alikuwa anakunywa chai, saa mbili asubuhi, jua limeshaingia uani. Kitu kikali, kama vitunguu saumu vilivyooza na mafuta ya taa, kilimpanda puani. Akaweka kikombe chini. Miaka kumi na mitano hakunusa chochote.

"Binti, chai hii ina dawa."

Binti alinusa kikombe, akanusa birika, akanusa na sukari. "Haina kitu. Mama, wewe si huna pua?"

"Naisikia."

"Unasikia nini?"

Aliimwaga chai ile uani. Kuanzia siku hiyo harufu ile ilimfuata. Ilikuwa kwenye mkate, kwenye nywele za binti yake, kwenye maji ya kunywa, kwenye shuka alizozianika juani mchana kutwa. Harufu nyingine zote zilibaki zimekufa. Ni hiyo moja tu iliyofufuka. Aliogopa kuwashika watoto wa majirani. Walipomkimbilia kama walivyozoea alificha mikono nyuma, na watoto wakadhani ameficha peremende.

Fundi baiskeli alipopita na kusema, "Mama mkwe, umeamkaje?" alijibu "Salama," akaingia ndani. Alijiambia kwamba mtoto ameshaondoka, kwamba kusema hakutamrudisha, kwamba hospitali walisema kifua, na yeye ni nani hata abishane na hospitali? Alijiambia hivyo miezi miwili, akaanza kuzoea. Pengine angelinyamazia mpaka kaburini.

Lakini asubuhi moja mke wa fundi alisimama kwenye uzio akitabasamu, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia. Ilikuwa mimba ya miezi saba. Begani alikuwa ametupia blanketi la manjano.

"Nimelitoa lipigwe na hewa kidogo," alisema. "Miaka yote nikilala nalitoa sandukuni, nalifanya mto. Sasa naona nimpe huyu mdogo wake. Lisikae bure."

Bi Mng'aro aliushika uzio. "Mwanangu, nitakununulia jipya."

"La nini, mama? Hili ni zima."

"Basi nipe nilifue. Mara moja tu."

"Hili halifuliwi. Si unajua?" Alisema bila ukali, akalirekebisha begani, kona yake ikamgusa shavu.

Siku mbili Bi Mng'aro alizunguka na jambo hilo. Aliwaza kuliiba. Alifika hata kuinama kwenye uzio mchana mwenye blanketi akiwa ametoka, blanketi likiwa limening'inizwa kwenye mti wa kamba, urefu wa mkono mmoja tu kutoka kwake. Akaunyoosha mkono, akaurudisha. Angeliiba, yule angenunua jingine, na hadithi ingekwisha hapo bila mtu kujua. Ilikuwa rahisi mno. Urahisi wenyewe ndio uliomwogopesha.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, fundi akiwa kwenye kibanda chake, alipiga moyo konde akabisha hodi.

Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mipira ya baiskeli ilitundikwa kwenye misumari, na sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda. Mke wa fundi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alimsogezea kigoda.

"Karibu, mama. Mbona uso hivyo?"

Bi Mng'aro hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia bomba lililokauka hadi jagi moja la maji, ovaroli ya Mrefu, karai, na alichokisema bibi shamba kuhusu mboni za macho. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua asiyoiandika yeye. Alipomaliza, punje za mchele zilikuwa zinateleza kwenye ungo uliokuwa umeinama.

Mke wa fundi aliuweka ungo chini.

"Lilikuwa linanuka," alisema.

"Nini?"

"Siku ile ulipolileta. Nilipolikunjua lilinuka kama stoo ya shamba. Nikasema, nimrudishie? Nikaona aibu. Wewe ni mtu mzima, sawa na mama yangu. Ningekuambia nini, kwamba hujui kufua?" Alijifuta midomo kwa kiganja. "Nikalipigapiga hewani. Nikamfunika."

"Mwanangu..."

"Nilimfunika mimi. Wewe ulilipitisha tu juu ya uzio."

"Mimi sina pua. Ningekuwa na pua..."

"Mimi nilikuwa nayo."

Nje kengele ya baiskeli ililia mara mbili, mteja akijaribu kengele mpya huko kibandani, na wote wawili wakageuka kutazama mlango.

"Daktari alisema kifua," mke wa fundi alisema hatimaye.

"Huenda kweli kilikuwa kifua."

"Huenda."

Hakulia. Aliinama kwa shida kwa ajili ya tumbo, akalivuta sanduku, akalitoa blanketi. Alilishika mbali na mwili wake kama kitu alichokiona mara ya kwanza. Bi Mng'aro alitoa mfuko wa plastiki na glavu mbili alizokuwa amezitia kwenye pindo la kanga.

"Weka humu. Usilishike zaidi."

"Miaka mitatu nimelishika kwa mikono mitupu, mama. Nimelivuta puani kila siku. Nikasema ndiyo harufu yake."

Hapo ndipo Bi Mng'aro alipolia, yeye na si mwenye mtoto.

Walitoka pamoja, wakavuka barabara. Blanketi halichomwi, bibi shamba alikuwa amesema hivyo, moshi wake nao ni sumu. Lazima liende stoo ya shamba, kwenye pipa la vitambaa na chupa tupu linalochukuliwa na gari maalumu kila mwezi. Bi Mng'aro alibeba mfuko, mke wa fundi akatembea upande wa pili wa njia, nafasi ya watu watatu kati yao. Mtunza stoo aliufungua mfuko, akachungulia.

"Hili nalo lilikuwa la kupigia dawa?"

"Liandike tu," Bi Mng'aro alisema.

Aliandika kwenye daftari: kitambaa, kimoja. Akalitia blanketi kwenye pipa, akalifunika kwa kifuniko na kukikaza kwa ufunguo.

Njiani kurudi mke wa fundi alisimama kabla ya kufika barabarani.

"Mume wangu asijue," alisema. "Yeye amekubali kwamba ni kazi ya Mungu, na ndivyo anavyoweza kulala. Ukimwambia, mimi na wewe hatutaonana uso kwa uso mpaka tufe."

"Na wewe?"

"Mimi usiniulize. Leo usiniulize, wala mwakani. Siku nikiwa na jibu nitakuletea mwenyewe."

Alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kupasua bati. Nepi zake mama yake alizifua mwenyewe, zote, akizianika upande wa mbali wa ua wake. Hakuna nguo iliyopita tena juu ya uzio ule. Walipokutana bombani walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, kila mmoja akashika njia yake. Majirani walidhani wamegombea ndoo.

Kwenye chumba cha kufulia, Bi Mng'aro alikuwa mkali kupita kiasi. Wanawake wenzake walimnung'unikia. Maji yakipungua moto alimwaga yote. Akimkuta mtu bila glavu alimrudisha nyumbani siku hiyo. Mrefu aliwahi kumletea ovaroli iliyolowa dawa mbichi, akaomba, "Ifue tu, mama, ndiyo imetoka dukani juzi." Aliichukua, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo mbele ya macho yake. "Kadai nyingine. Ukinyimwa, njoo uniambie, nitakwenda mimi." Alinyimwa kweli, na akaenda yeye, akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka ikatolewa. Ile harufu ilimjia humo kazini kama ilivyomjia kwingine, na kwa kuwa humo dawa zilikuwapo kweli, hakuwa na njia ya kujua ni lini anainusa na ni lini inamnusa yeye.

Mtoto wa kike alikuwa ameanza kutambaa siku gurudumu la toroli la Bi Mng'aro lilipochomoka mbele ya kibanda cha fundi. Fundi alitoka akicheka, akaligeuza toroli, akaingia kazini bila kuulizwa. Alibadili gololi, akatia grisi, akazungusha gurudumu likaimba. Bi Mng'aro alitaka kufungua pindo la kanga yake, fundi akamzuia kwa mkono mweusi wa mafuta.

"Acha hiyo, mama mkwe." Kisha utani ukamtoka usoni. "Sijawahi kukuambia. Siku ile kijana wetu alipotutoka, wewe ndiye uliyetangulia kufika. Ndugu zangu wa damu walifika kesho yake. Uliwafulia watu nguo wiki nzima. Mimi nilikuwa nimekaa tu kama gogo, lakini nilikuwa naona. Sitasahau."

Bi Mng'aro aliyatazama mafuta yaliyokuwa kwenye vidole vya fundi. Nyuma yake, mlangoni kwao, mkewe alikuwa amesimama na mtoto kiunoni, anawatazama, na alikuwa mbali kiasi kwamba hakuna aliyejua kama anasikia.

"Ni ujirani, baba," Bi Mng'aro alisema.

"Hapana. Ujirani naujua. Ule ulikuwa zaidi."

Bi Mng'aro aliliinua toroli lake. Halikuwa zito, ila alisimama nalo muda mrefu kabla ya kulisukuma.